Ndoa ya Austin na Ellen

Baba yangu, Cuthbert Gornall, Mkatoliki wa damu, alipoambiwa kwamba Cecily ataolewa katika kanisa la Waanglikana, aliisukuma sahani yake ya pai ya viazi na vitunguu hadi katikati ya meza, akasema, "Basi mimi mtanikuta nje."

"Nje wapi, Baba?" nikamuuliza.

"Nje, getini. Hakuna Gornall aliyewahi kufungia ndoa mle, na sitaingia mimi kumshuhudia wa kwanza."

Cecily ni binti yangu. Baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na aliyemfundisha kutembea, kuendesha trekta na kujibu jeuri kwa jeuri ni huyu huyu babu yake. Cecily hakutaka kushikwa mkono na kuingizwa kanisani na mtu mwingine siku ya harusi. Lakini mchumba wake, Giles, ndiye anayepiga kengele za kanisa lile, na mama yake amezikwa pale pale uani mwa kanisa, kwa hiyo naye alikuwa na haki yake. Cecily hakubishana. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Roho iliniuma, nikamtazama baba yangu kwa jicho baya.

"Usinitazame hivyo, Winnie," akasema. "Nitafutie ndoa ya Austin na Ellen. Lazima imeandikwa mahali. Mletee mwanao aisome mwenyewe, aone watu wake walikuwa watu wa namna gani, halafu ndiyo aamue."

Austin Gornall na Ellen Swarbrick ndio waliotuzaa sisi sote huku kaskazini ya mji wa Preston, zamani hizo Ukatoliki ulipopigwa marufuku Uingereza na mapadri wakienda kwa kujificha. Walifungishwa ndoa ghalani, alfajiri, na padri aliyejifanya mchuuzi wa vitambaa. Baba huisimulia kila Krismasi, na kila Krismasi mvua ya asubuhi ile huzidi kunyesha. Tunamcheka, lakini tunaiamini. Hata mimi, ninayejifanya mjuzi wa kumsema, niliondoka kwenda kutafuta nikiwa na hakika kabisa kwamba nitaikuta.

Enzi zile serikali ilikuwa haijaanza kuandikisha ndoa. Kama jina halimo katika kitabu cha kanisa, basi tena. Padri wetu alinitolea kitabu chake cha zamani kuliko vyote, nikakuta kinaanza wakati Austin na Ellen wameshapata watoto wanne. Nikaenda misheni ya jirani. Huko niliona ubatizo wa watoto, "wa Austin na mkewe Ellen", lakini ndoa hakuna. Nikaingia nyumba ya kumbukumbu mjini Preston, nikasoma madaftari ya Wakatoliki wa wilaya nzima hadi macho yakawa yanatoka machozi. Hola. Nikaanza kuogopa. Je, kama hawakuoana kabisa? Ningemwambia nini yule mzee?

Mama mmoja anayetunza madaftari alikuja kusimama karibu yangu. "Umeangalia la kanisa la parokia?"

"Parokia ipi?"

"La Waanglikana."

"Mama, hawa walikuwa Wakatoliki."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Nusura nimjibu vibaya. Akavuta kiti, akaniambia kwamba siku zile sheria haikuitambua ndoa yoyote isiyofungwa na kasisi wa Kianglikana, isipokuwa ya Wayahudi na ya Wakweka, wale Wakristo wasio na makasisi. Wakatoliki wengi walifunga kwa padri wao kimyakimya, kisha wakameza uchungu wakaenda kufunga tena kwa kasisi. Bila hivyo mke hakuwa mke mbele ya hakimu, na watoto hawakurithi hata jembe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi kina Gornall kuinama hatujui. Ndiyo maana wiki zote zile sikuwa nimeligusa daftari lile.

Niliwaona kabla chai yangu haijapoa. Austin Gornall na Ellen Swarbrick, wa kijiji chetu, na kanisa ni lile lile la kina Giles. Kuandika hawakujua. Austin alichora msalaba mwembamba unaoyumba, na Ellen akachora wake kwa kukandamiza kalamu hadi wino ukatapakaa. Nililia pale pale mbele za watu. Nilimpenda yule binti kana kwamba nimemlea mimi.

Kumwambia Baba, hiyo ilikuwa kazi nyingine. Nilimwekea nakala mezani, nikajiandaa kwa vita. Alivaa miwani, akasoma, akarudia.

"Huyu ni Austin mwingine."

"Na Ellen Swarbrick mwingine? Na shamba ni hili hili?"

"Na ghala je?"

"Ghala lako lipo, Baba, hakuna aliyekunyang'anya. Huenda walifunga ghalani, kisha wakaja kufunga na kanisani. Austin asingeingia mle, Ellen angehesabiwa kimada na watoto wake wangefukuzwa hapa. Aliingia kwa ajili yake."

Nilingoja anifokee. Badala yake alivua miwani, akaishika tu.

"Teresa," akasema.

Shangazi Teresa nilimjua kwa picha na kadi za sikukuu. Alikuwa mdogo wake Baba, aliishi Carlisle na mumewe na alifia huko kabla Cecily hajazaliwa. Nyumbani tuliambiwa tu kwamba "aliolewa nje", na hatukuthubutu kuuliza zaidi.

"Aliolewa mle," Baba akasema. "Alinijia nikikamua ng'ombe. Akaniambia, Cuthbert, mzee wetu amekataa kuja, njoo basi wewe peke yako. Nikamwambia hakuna Gornall aliyewahi kuolewa mle, wewe ndiye wa kwanza kututia aibu. Siku yenyewe nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta. Akatoka na mumewe, akawa anaangaza macho huku na huku. Alikuwa ananitafuta. Nikajificha."

Nilivuta kiti nikakaa karibu yake.

"Amekufa akiamini kwamba yeye ndiye wa kwanza, Winnie. Mimi ndiye niliyemwambia. Na haikuwa kweli."

Hata alipomzika mama yangu sikumwona akilia. Siku ile alilia, nami nikamkumbatia hadi akatulia, mzee mzima amekuwa mwepesi mikononi mwangu.

Jioni Cecily alipoingia, nilimvuta kando nikamsimulia yote. Kisha akaenda kumwandalia babu yake chai.

"Jumamosi ni saa ngapi?" Baba akamuuliza, macho kwenye kikombe.

"Saa tano, Babu."

"Wanawasha moto mle? Mabenchi ya Waanglikana ni baridi."

"Umejuaje, na hujawahi kuyakalia?"

"Watu husema."

Cecily akacheka, akambusu kipara chake, naye akajifanya kuudhika.

Jumamosi nilikuwa nyuma yao nikishika shela. Walifika mlangoni vizuri tu, halafu Baba akasimama. Kinanda kilikuwa kimeanza, watu ndani wamegeuka kututazama, na yeye hasogei.

"Babu," Cecily akamnong'oneza, "ukishindwa, mimi nimeridhika. Umenifikisha."

Baba aligeuka akautazama ukuta ule ng'ambo ya barabara, kisha akaushika mkono wa mwanangu kwa mikono yake miwili.

"Twende, Teresa," akasema.

Cecily aligeuka akanitazama mara moja tu.

"Twende, Cuthbert," akamjibu, na wakaingia.