Kutu ya Bamba la Upanga

Kabla hakujapambazuka jiko la umeme la kupikia wali lililia ta, nikajua wali umeiva. Nilikuwa nimepima tena mchele wa watu wawili. Kibakuli kimoja nilikiweka mbele ya picha ya Naoyoshi, kingine nikala nimesimama. Sikusikia ladha. Jirani alikuwa ameacha machenza matatu mlangoni bila kugonga, ili nisilazimike kuongea. Nayo niliyaweka mbele ya picha.

Ilikuwa siku ya arobaini na saba tangu mume wangu afariki. Siku ya arobaini na tisa, ya kumaliza matanga, baada ya sala, nilitakiwa kumrudishia wifi yangu Sumako bamba la upanga la kwao. Ni chuma cha mviringo, chepesi, kipana kama kiganja, kinachokaa kati ya mpini na makali ya upanga kukinga mkono. Upanga wenyewe ulipotea zamani. Bamba lilibaki kwa Naoyoshi. Wifi alinipigia simu.

"Lipeleke kwanza kwa mwalimu Kuwabara alitazame, aandike karatasi. Na usilifunge kwenye gazeti kama samaki, wifi."

Ndivyo alivyo. Kwetu tuliuza sufuria, kwao walikuwa watu wa panga. Binti yangu na wajukuu wako mbali, Sapporo. Hapa Kumamoto sina ndugu ila Sumako. Nilitaka kitu kimoja tu: alipokee bamba mkononi mwangu asiwe na neno, nami niendelee kuwa mtu wa kwao.

Mzee Kuwabara, mjuzi wa panga za kale, alikuwa ameshatandika mto wa kukalia, karibu na jiko la mafuta, upande wenye joto. Alilishika bamba kwa ukingo, akasogea dirishani na kuliinamisha kwenye mwanga.

"Kazi ya hapa hapa Kumamoto, enzi ikiitwa Higo," alisema. "Chuma laini, kimefuliwa kwa subira. Mtazame korongo huyu, mabawa yake yamezunguka ukingo wote. Fundi alikata kwa msumeno mwembamba, akamalizia kwa tupa. Alama za tupa ziko ndani ya matundu, ambako mtu hatazami. Miaka mia tatu hivi. Na hivi vipande vya shaba kwenye tundu la kati vinasema limevalishwa zaidi ya upanga mmoja."

Akaligeuza tena.

"Mama, kutu ya ndani ya matundu ni ya kale, nyeusi inayong'aa kama biringanya. Ya usoni ni changa. Kuna mtu aliikwangua ile ya kale, na ndiyo iliyokuwa uzuri wake."

"Ni mimi," nilisema.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa, siku za usafi mkubwa wa kufunga mwaka. Katika nyumba ya muuza sufuria kutu ni aibu. Nililikwangua kwa majivu na stiliwaya mpaka likawa jeupe, nikalirudisha mahali pake nikisubiri sifa. Naoyoshi aliporudi alilitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mikono yako imechubuka. Njoo ule." Tangu hapo kila jioni alilipangusa kwa kitambaa cha pamba, na mchana alilivaa tumboni, ndani ya mshipi wa sufu. Miaka arobaini na minne. Nilidhani anapenda tu vitu vya kale.

"Kutu hii imelelewa na joto la mwili," mzee alisema taratibu. "Lakini thamani haikurudi yote. Nitaandika nilichokiona, mama. Siwezi kuandika kingine."

"Andika."

Goti lake lilikuwa bovu, lakini alinibebea mfuko mpaka kituo cha tramu. Nilijua napaswa kulia. Nilisoma majina ya vituo mpaka nikafika.

Siku ya arobaini na tisa, tulipotoka hekaluni, nilikwenda kwa Sumako nikaweka bamba na karatasi mbele yake.

"Wifi, mimi ndiye niliyelikwangua. Kwa stiliwaya."

Alisoma, akavua miwani.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mwongo mkubwa yule Naoyoshi!" Alipiga goti lake kofi. "Alinipigia simu mwaka ule, anauliza kutu inarudishwaje. Akaniambia ni yeye! Nikamwita punguani. Kila mwaka mpya, mbele ya ukoo mzima, namwita Bwana Stiliwaya, na yeye anacheka, anajimiminia pombe."

Jina hilo nililisikia kila mwaka. Nilidhani ni utani wa utotoni mwao.

"Basi nitukane mimi," nilisema.

"Nimeshachoka kutukana. Nimemtukana asiyestahili miaka arobaini na minne." Alilichukua bamba kwa mikono miwili, akaanza kulipangusa kwa ukingo wa mkono wa kimono, vibaya, kwa nguvu mno. Nikamshika kifundo cha mkono, nikamwonyesha: polepole, kwa mduara. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Nilipoinuka kuvaa viatu alinifuata mlangoni.

"Jumapili uje tena, wifi," alisema. "Usije kwa shughuli. Uje tu."