Jina Kwenye Mashine ya Tarehe

Miaka kumi na tisa Nyabuto alipiga muhuri wa tarehe kwenye pakiti za kuku waliogandishwa, katika kiwanda kimoja karibu na Sironga, baridi ikimtafuna masikio. Si kazi ya kujigambia mbele ya wakwe, lakini jamani, aliipenda! Kila pakiti aliifuta ukungu kwa kitambaa, akaipuliza, ndipo akapiga muhuri. Tarehe zake zilisomeka vizuri hadi madukani Keroka.

Basi aliposikia mashine ya kuchapa inakuja, chakula hakikupita kooni. Mashine ingechapa pakiti sitini kwa dakika, na mzee wa muhuri angerudishwa nyumbani.

Fundi Rashad, kijana wa Kisii mjini, aliifunga Jumamosi, maana siku hiyo kiwanda husimama. Wafanyakazi karibu wote ni Wasabato. Nyabuto alikuwa kanisani, akiimba asijue anaimba nini.

Jumapili asubuhi aliikuta imesimama pale palipokuwa na meza yake. Kwenye skrini, kwa herufi kubwa: NYABUTO.

Ala! Kwao mtoto hupewa jina la mtu ambaye ameshazikwa. Yeye mwenyewe alipewa la babu yake, babu akiwa kaburini. Sasa hawa wamemzika akiwa wima, tena na koti la baridi mwilini!

Alilivua, akamtupia Phanice, msimamizi wa zamu, aliyefundishwa na yeye mwenyewe kushika muhuri. "Haya, nimeondoka. Lakini jina langu litoeni humo. Bado nalitumia!"

"Tata, baba yangu, ngoja kwanza..."

"Singoji! Hata rangi ya jeneza hamkuniuliza!"

Phanice alicheka hadi machozi yakamtoka, na mzee akazidi kuumia. Ikabidi Rashad atoke mbio nyuma ya mashine, mikono myeusi kwa wino.

"Mzee wangu, wallahi, hilo si jina la mashine! Haiwaki mpaka ijue inaendeshwa na nani. Jana nilichapa pakiti arobaini, wino ukachuruzika kwenye zote. Nikampigia Phanice simu: nani anajua pakiti imekauka lini? Akakutaja wewe. Nimeifungia feni ya kukausha, lakini ipulize kiasi gani, utasema wewe."

Nyabuto aliitazama feni, kisha jina lake kwenye skrini. Aliona furaha, na aibu kidogo.

"Niendeshe mimi?"

"Nani mwingine? Gusa jina lako."

Alidai koti lake kwanza. Phanice alimvisha, akamfunga hata kifungo cha juu, vile angemfanyia baba yake mzazi. Nyabuto akaongeza feni, akaipunguza kidogo, akagusa skrini.

Pakiti ya kwanza ikatoka. Tarehe ilikuwa safi, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la mwendeshaji: Nyabuto. Alilisoma mara mbili.

"Tulitoe, Tata?" Phanice akamchokoza.

"Wee! Thubutu!"