Chumba cha Makaa

Simu ya Waithira ilitetemeka mfukoni mwa aproni kwa mara ya tano. Ujumbe haukuwa na salamu, kama barua ya mwalimu mkuu kwa mzazi: *Joto 21. Funga mlango.*

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu jirani yake Muchiri alikuwa ndani, akizijulia hali nyanya zake.

Chumba chenyewe hakikuwa na makuu: kuta za waya zilizojazwa makaa, maji yakizidondokea polepole ili ndani kuwe baridi, na darini kifaa kidogo cha kupima joto kilichochongea kila kosa kwa simu. Waithira ndiye aliyewashawishi majirani sita wa Mukurweini waweke humo kreti arobaini, wangoje soko la Kagio siku ya Jumatatu badala ya kuwatupia madalali kwa bei ya hasara. "Zikioza," alikuwa ametamka mbele ya kanisa zima, akiwa na akili zake timamu, "nitazila zote mbele yenu."

Jambo moja hakulipigia hesabu. Kijijini kwao, kumwonyesha mtu mavuno ni heshima. Kumfungia mlango ni kumwita mwizi. Kwa hiyo Jumapili hiyo walikuja mmoja mmoja, wamevaa nguo za ibada, nyuso zimekunjamana kama za watu waliokuja kumwona mgonjwa. Beth alizipapasa zake. Moffat alizihesabu mara mbili, kisha akaziombea. Kila aliyetoka aliacha joto limepanda.

"Baba Wendy, toka basi. Zinapata joto," Waithira alimwita Muchiri.

"Ati joto? Mimi nasikia baridi huku!" Muchiri alitokeza, nyanya mkononi. "Na hii imelegea, Mama Gatimu. Ijumaa ilikuwa ngumu kama jiwe."

"Ijumaa ulikuwa hujaitembelea mara nne."

Waithira aliibonyeza. Kidole kilizama. Kreti arobaini, na bado usiku mzima.

Akafunga kufuli. Alipogeuka, mama mkwe wake, Watiri, alikuwa amesimama nyuma yake akihema, fimbo mkononi. Alikuwa amepanda kilima kizima kutoka mtoni.

"Nimekuja kuona hicho chumba."

Muchiri alitazama viatu vyake. Waithira alitia ufunguo mfukoni.

"Leo hakifunguliwi, mama."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako. Kesho alfajiri zikitoka, utaziona wa kwanza."

Watiri alimkagua kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, kisha akaketi juu ya kreti tupu, akiuelekea mlango.

"Sawa. Nitakaa hapa hapa, nimwone huyo utakayemfungulia."

Kule chini njiani, Moffat alikuwa akipanda tena, safari hii na mashemeji watatu kutoka Nyeri, wote wamevaa suti.

Waithira akajibandika mlangoni, makaa yenye maji yakimlowesha mgongo.

"Karibuni chai nyumbani!" akapaza sauti, kabla hawajafika.