Bibi wa Nguo Nyeupe

Ukuta kati ya darasa la Mwalimu Etse Kpodo na la Madamu Akofa ulikuwa wa mbao, na mbao hazijui kutunza siri. Kila Mwalimu Etse alipoandika vitenzi vya Kifaransa ubaoni, upande wa pili walicheka. Kwa miaka ishirini na miwili aliyofundisha pale Anloga, hakuna aliyewahi kucheka katika somo lake la ushairi, naye alikuwa akijisifu kwa hilo. Sasa kila kicheko kilimchoma kama pilipili jichoni.

Madamu Akofa alikuwa ametoka Lomé, ng'ambo ya mpaka, mwezi wa kwanza. Kufika Pasaka, wanafunzi walikuwa wanambebea vitabu mpaka getini. Naye Etse walimwita Babu Vitenzi.

"Mzee Etse, mke mwenza ameshaingia," mwalimu wa hesabu alimtania ofisini. "Na huyu anajua kupika."

"Chungu kipya hakikosi wa kukisifu," alijibu Etse, akaisukuma chai yake kando.

Kilichomnyima usingizi ni darasa la mwisho. Mkuu wa shule, Bi Dzigbordi, alikuwa achague nani atalifundisha fasihi ya Kifaransa, darasa ambalo miaka yote lilikuwa la Etse. Basi akaenda kushitaki. Sheria ya shule ilikataza Kiewe, lugha ya nyumbani, katika kipindi cha Kifaransa, na yule mwanamke aliivunja kila siku.

"Kesho kaa stoo ya vitabu, nyuma ya darasa lake," Bi Dzigbordi alimwambia. "Ukisikia Kiewe, njoo uniambie kwa mdomo wako. Darasa litakuwa lako."

Kesho yake Etse alikaa juu ya kreti, kalamu mkononi. Madamu Akofa akaanza kusoma shairi, na Etse akashtuka. Lilikuwa shairi alilolifundisha yeye miaka yote, lile ambalo wanafunzi wake hulighani kila sikukuu ya wazazi huku wakipunga leso nyeupe. Asubuhi paa limekuwa jeupe, njia nyeupe. Bibi amevalishwa nyeupe, ndugu wamekuja kutoka mbali, na watoto wameambiwa wasimwamshe. Etse alikuwa akifundisha kwamba ni sherehe ya kumtoa mtoto mchanga nje kwa mara ya kwanza: weupe ule ni poda ya furaha iliyorushwa hadi juu ya paa, na bibi amechoka kwa kupika.

"Huu weupe ni theluji," alisema Madamu Akofa, ambaye alisoma miaka miwili Ufaransa. "Na bibi amekufa."

Kalamu ya Etse ilisimama.

"Lakini Madamu," alisema msichana mmoja, Yayra, "Babu Vitenzi alimfundisha kaka yangu kwamba ni sherehe."

Darasa likaangua kicheko.

"Anayecheka asimame nimwone," alisema Madamu Akofa, sasa kwa Kiewe kitupu. Akamgeukia yule msichana. "Yayra, bibi yako alizikwa na miaka mingapi?"

"Tisini na minne."

"Ulivaa rangi gani?"

"Nyeupe."

"Mlilia?"

"Kidogo. Halafu tulicheza mpaka miguu ikavimba."

"Basi mzee ameona jambo ambalo mimi, kule nilikosoma, sikuonyeshwa na mtu. Haya, rudini kwenye shairi. Huyu mtoto anayesimulia, analia au anacheza?"

Wakabishana, kwanza kwa Kiewe, kisha wakaanza kutafuta maneno ya Kifaransa. Kijana mmoja ambaye Etse alikuwa amemfelisha mara tatu alisimama akasema kwa Kifaransa, bila kukwama, "Theluji imemvalisha bibi yangu." Laiti yule mwanamke angemdhihaki Etse. Chuki yake ingepata pa kukaa. Lakini alikuwa ametetewa, tena mbele ya watoto, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Haya, Mzee," alisema Bi Dzigbordi ofisini. "Umesikia Kiewe?"

Neno moja tu, na darasa lingekuwa lake. Lakini sentensi ya yule kijana ilikuwa bado masikioni.

"Nimesikia watoto wakisema Kifaransa."

"Sikukuuliza hivyo."

"Ndivyo ninavyojibu, mama."

Bi Dzigbordi akaandika jina la Akofa kwenye ratiba. Etse alisimama pale akiisoma kila herufi ikishuka, na kila moja ilimkata.

Kipindi kilichofuata, kicheko kikapenya tena kwenye mbao. Etse aliweka chaki chini, akafungua ukurasa wa lile shairi, na kwa mara ya kwanza darasani mwake akasema Kiewe.

"Huyu bibi, nyinyi mnamwonaje?"

Kafui, wa dawati la mbele, aliinua kidole nusu.

"Mwalimu, tukijibu kwa Kiewe, utatuandika majina?"

"Jibu upesi," alisema Etse, akiukazia macho ukuta. "Kabla hao wa upande wa pili hawajacheka tena."