Miche Iliyokuwa Bora

Mama Miche hakumpenda shemeji yake, wala hakujisumbua kuficha. Mdogo huyo wa mumewe alikuwa na maneno mengi na viganja laini. Aliuza simu, akauza viatu, akauza hata bima, na kila alipoanguka alirudi kwa kaka yake na wazo jipya. Safari hii wazo lilikuwa mabango.

"Biashara ni macho, shemeji," alisema, amesimama katikati ya tuta la pilipili kwenye kitalu chao cha miche. "Kitalu hakionekani, ndiyo maana wateja hawaji."

"Macho unayo, na bado umenikanyagia pilipili."

Mumewe alikubali mabango kwa sababu alikwisha kuchoka. Alishatamka wazi kwamba miche isipopata mnunuzi mvua hizi, kiwanja atampa mdogo wake afungue sehemu ya kuoshea magari. Mama Miche alikuwa ameiotesha miche ile yote kwa mkono wake. Kuona matope ya magari ya watu yakitiririka pale kungemuua.

Basi mabango yakaja, stendi za bati jepesi, kila moja na turubai lake la kuvuta juu. Upepo wa kwanza tu ukaangusha mawili juu ya michungwa. Penye miparachichi pakawekwa picha ya matufaha, eti yana rangi ya kuvutia. Kwenye vyungu vya maua kikasimama kibao cha USIGUSE, kikubwa kuliko maua yenyewe. Mama Miche alizifunga stendi kwenye mifuko ya mchanga huku akicheka puani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu alikuwa amejinunulia hadi miguu ya kutembelea.

Asubuhi aliyotarajiwa mwalimu mkuu wa shule mpya, ambaye alitaka miti ya kivuli na ua wa kuzunguka shule nzima, shemeji alisimamisha bango kubwa langoni: KARIBU! MICHE ILIYOKUWA BORA.

Mama Miche alisoma mara mbili. Mjinga yule alitaka kusema miche imekua vizuri. Kwa herufi moja tu ametangaza kwamba hapo zamani ilikuwa bora, na sasa basi tena.

Kulishusha kulikuwa kazi ya mkono mmoja. Lakini aliwaza jinsi mwalimu atakavyocheka, na jinsi shemeji atakavyotahayari mbele ya kaka yake, na utamu wa wazo hilo ukamlevya. Ameyavulia maji nguo, na ayaoge. Mwalimu akishamaliza kucheka, yeye atamchukua kwenye matuta akajionee miche yenyewe. Akaokota mpira wa maji akaenda kumwagilia kule nyuma.

Mwalimu mkuu alifika, akashuka, akasoma. Hakuvuka lango.

"Iliyokuwa bora," alimwambia dereva wake. "Mtu asiyejali anachoandika mbele, atakuwa anajali anachopanda nyuma?"

Akapiga picha, akarudi garini. Mama Miche alikuja mbio, gauni limelowa, akaikuta barabara tupu na mumewe amesimama mbele ya bango, midomo ikisoma polepole.

"Uliliona hili?" mumewe aliuliza.

Angeweza kukana. Lakini alikuwa bado na kiburi cha kutosha kusema kweli.

"Nililiona asubuhi."

Mumewe akamwita mdogo wake akamwambia aanze kutafuta pampu ya kuoshea magari. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jioni shemeji alimfuata Mama Miche kwenye matuta, ambako alikuwa akichagua miche ya kugawia majirani. Mama Miche alimngoja aanze kujigamba, na jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Shemeji akachutama kando yake na kipande cha karatasi.

"Shemeji, hili ni bango la kuoshea magari. Nisomee kwanza kabla sijapeleka kuchapisha," alisema. "Unajua mimi herufi hunichanganya tangu shule. Hata lile la asubuhi ungeniambia tu. Ningelishusha palepale."

Mama Miche alipokea karatasi. Akaanza kuisoma, herufi kwa herufi.