Usizime, Bado Inameza

Kompyuta ya Umoja wa Wafuga Nyuki iliganda tena Jumatano asubuhi, na Theodosia akaitukana kwa sauti ya chini, maana ofisini mlikuwa na wageni. Ugonjwa wake ulikuwa ni ule ule. Akifungua programu ya barua pepe, modemu ililia vilio vyake, ikapatana na Dar es Salaam, utepe wa buluu ukaanza kujaa pole pole, kisha mshale ukasimama katikati ya kioo na kila kitu kikanyamaza. Unabonyeza, haijibu. Unasukuma kipanya, mshale hautikisiki. Theodosia alingoja kadiri moyo wake ulivyoweza, na moyo wenyewe haukuweza sana. Akainama chini ya meza, akachomoa waya.

Zingekuwa zimekwama barua za asali tu, angeiacha ibaki na kiburi chake mpaka wiki ijayo. Lakini Jumamosi mama yake alikuwa anamwekea matanga kaka yake Rupert, na Theodosia alijua kwamba Rupert yu hai.

Rupert aliondoka Songea kijana, akaenda Dar es Salaam, akapata kazi kwenye meli ya kigeni ya uvuvi, ikampeleka kwenye bahari za kaskazini, huko ambako watu huvaa makoti hata wakilala. Majini hakukuwa na simu. Meli ikitia nanga, mara moja moja, aliazima kompyuta ya mtu akaandika. Barua ziliingia ofisini kwa Theodosia, naye akazichapa na kwenda nazo nyumbani Majengo kumsomea mama yao, ambaye macho yake yalikuwa yameingia giza. Mwanzoni mama alifurahi. Baadaye akaanza kusikiliza ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayepima mahindi ya kununua.

"Rupert hajawahi kunyoosha mistari miwili tangu aanze shule," alisema siku moja. "Hiki ni Kiswahili chako, Theo. Mwanangu amekufa, nawe unanibembeleza kama mtoto mchanga."

Kusema kweli, mama hakukosea kila kitu. Theodosia alikuwa akisoma huku anasafisha. Sentensi iliyopinda aliinyoosha, na matusi ya kibaharia aliyaruka. Alidhani anamheshimu mama. Sasa heshima hiyo ilikuwa imemtokea puani, kwani kila alipoapa, mama alizidi kuamini kinyume chake. Baada ya Pasaka mama akatuma ujumbe kwa ndugu wa Maposeni waje Jumamosi. Watasali, atanyolewa nywele, na kuanzia hapo hataki mtu amwite Mama Rupert.

Theodosia akamwandikia kaka yake. Mama hataki karatasi tena, anataka sauti. Jibu lilikuja fupi: "Nitaituma tukifika bandarini. Usimwache anililie." Hazikupita siku nyingi, kompyuta ikaanza kuganda.

Alhamisi akamwita Bartholomeo, fundi mwenye duka la kaseti karibu na soko, ambaye alitengeneza redio na, tangu kompyuta ziingie mjini, kompyuta pia. Bartholomeo aliketi, akapekua, akapiga mluzi.

"Dada Theo, humu ndani hapapitiki. Barua zote tangu siku ya kwanza bado umezikalia! Tufute."

"Sifuti barua ya mtu."

"Hata za mwaka juzi?"

"Mimi nimefundishwa kazi masijala. Barua ikishaingia, imeingia."

Bartholomeo alimtazama, akaona hapo hapana njia. Badala ya kufuta, akayakamua mafaili ili yachukue nafasi ndogo, kazi iliyokula asubuhi nzima. Wakajaribu tena. Utepe wa buluu, kisha kimya.

Mlangoni watu walikuwa wameanza kukusanyika, na hilo halikuwa la ajabu. Songea mtu hana sanduku la posta lake peke yake. Barua hupitia sanduku la shule, la misheni au la mjomba, na juu ya bahasha huandikwa "kwa mkono wa fulani". Barua pepe ilipofika kwa wafuga nyuki, watu wa Majengo hawakujiuliza mara mbili, waliwagawia jamaa zao wa mbali anwani ya Umoja kama walivyogawa namba ya sanduku. Theodosia naye, kwa kupenda kuombwa, aliwakubalia wote. Mmoja wao alikuwa jirani yake Judica, ambaye dada yake aliolewa Kanada na kumtumia picha za harusi kubwa kubwa, zilizowahi kuizuia kompyuta mpaka adhuhuri. Kwa hiyo sasa kidole cha kila mtu kilimwelekea Judica.

Bartholomeo akawapigia simu wale wa Dar es Salaam waliowauzia huduma. Dada mmoja akapokea, akaangalia kwenye mitambo yake.

"Kuna mzigo mmoja mkubwa umekaa mbele," alisema. "Nyuma yake kuna vidogo vimejipanga. Niufute huo mkubwa, vingine vipite?"

Bartholomeo alipowaeleza waliokuwamo, Mzee Bashiru, mwenyekiti wa Umoja, aliitika wa kwanza. Alikuwa akisubiri barua ya mnunuzi wa nta. "Mwambie afute, bwana! Harusi gani hiyo isiyokwisha?"

"Kama ni picha za dada yangu, futeni tu," Judica akajibu kutoka mlangoni. "Bwana harusi nimeshamwona, wala si mzuri kihivyo."

Watu wakacheka. Theodosia hakucheka. Alichukua mkono wa simu kutoka kwa Bartholomeo. "Dada yangu, nani ameutuma?"

"Jina la mtu halipo. Limeandikwa jina la nyumba ya mabaharia, ya huko nje."

"Ile anwani ya Rupert nimeiona kwenye barua zake," Bartholomeo akanong'ona. "Siyo hiyo."

"Hiyo uliyoiona ni ya mpishi wa meli. Rupert hana anwani," Theodosia alisema. "Tangu lini mtu wa Songea akawa na sanduku lake? Yeye naye huko aliko anapitishia kwa watu." Akairudia simu. "Usifute. Tafadhali sana dada, usiguse kitu. Tutaushusha wenyewe."

Mzee Bashiru akafungua mdomo, na Theodosia akamuwahi. "Mzee wangu, barua yako imekaa nyuma ya huo. Ukitoka, na yako inatoka. Nisaidie tuutoe." Bashiru akafikiri, akaona binti ana hoja, akavuta kiti.

Ndipo Bartholomeo akauliza swali ambalo angepaswa kuanza nalo. "Dada, ikiganda huwa unafanyaje?"

"Nachomoa waya."

"Baada ya muda gani?"

"Nikishachoka."

Bartholomeo akajipiga paji la uso. "Basi haijaganda! Inameza. Mzigo ni mkubwa na koo la kompyuta hii ni jembamba, likishajaa haiwezi hata kukutikisia mshale. Wewe ukichomoa, inatapika vyote na kesho inaanza upya. Siku zote hizi tumekuwa tukiilisha na kuikaba." Akaingia kwenye mipangilio ya programu, akakuta imeamriwa ikate tamaa haraka mno, akaiongezea muda wa kungoja mpaka mwisho uliokubalika.

Wakaanzisha upya. Kioo kikasimama kama kawaida, nao wakatulia kama waumini. Ghafla modemu ikatoa mkwaruzo na laini ikakatika. Wakatazamana. Chumba cha pili, Mzee Bashiru, ambaye alikuwa amewatoka kimya kimya, alikuwa amesimama na mkono wa simu sikioni.

"Nilikuwa natazama tu kama mmeshamaliza," alisema.

Laini ya simu ya ofisi ilikuwa moja, yenye simu mbili, na modemu ilipita hapo hapo. Kumbe kila Theodosia alipounganisha, mwenyekiti aliinua ya kwake kutazama kama laini iko wazi, na kwa kutazama huko akaikata. Uungwana wa mzee wa watu ulikuwa umewatesa wiki nzima. Theodosia alitamani kupiga kelele. Badala yake akasema, "Mzee, kesho simu hiyo tuichomoe ukutani."

Kesho yake umeme haukuwepo. Mji uliwashiwa kwa zamu, na zamu ya upande wa ofisi siku hiyo ilikuwa ya giza. Theodosia alikaa mbele ya kioo cheusi mpaka jioni, akirudia kuwasha swichi asiyoiamini, kisha akarudi nyumbani na hasira zake.

Jumamosi asubuhi ndugu walianza kuingia. Baba mdogo Mathias alishusha gunia la unga kwenye baiskeli, wanawake wakatandika mikeka uani. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunga kaniki, na kwenye sahani kando yake kulikuwa na wembe mpya ambao haujatolewa karatasi. Theodosia akajaribu kupita nyuma ya nyumba.

"Nasikia viatu vyako," mama alisema. "Unakwenda wapi siku ya matanga ya kaka yako?"

"Kazini, Mama."

"Huna haya."

Neno hilo lilimchoma hasa, kwa kuwa lilisemwa mbele ya baba mdogo na kwa utulivu. Alimgeukia Baba Mathias, akapiga goti. "Baba, nakuomba kitu kimoja. Wembe usiguse kichwa cha mama mpaka nirudi. Hata akikuamuru." Mathias hakuahidi, ila aliiokota ile sahani akaiweka karibu yake.

Ofisini umeme ulikuwepo. Mzee Bashiru alikwisha kuichomoa simu yake, akaikumbatia kifuani. "Bismillahi," akasema, akakaa mlangoni kuzuia watu. Bartholomeo alikuja na spika zake na redio kaseti kubwa ya dukani. Theodosia akabonyeza. Modemu ikalia, utepe ukaanza, mshale ukafa katikati ya kioo.

Mkono wa Theodosia ukateremka wenyewe chini ya meza.

"Mkono juu, dada," Bartholomeo alisema.

Akauleta juu. Baadaye kidogo ukateremka tena, naye akaukalia. Kwa kweli hakuna kazi ngumu kama kutofanya kitu wakati kitu unachokipenda kimekaa mbele yako kimenyamaza. Kioo kilikuwa kama picha ya ukutani. Lakini Bartholomeo alimwonyesha taa ndogo kwenye modemu, nyekundu, ambayo ilikuwa inapepesa. "Itazame hiyo. Kioo kinakudanganya. Maadamu hiyo inapepesa, kuna kitu kinaingia."

Theodosia akatoa rozari, akaacha kutazama kioo, akaishika ile taa kwa macho. Ilipepesa, ikasita, roho ikamruka, ikapepesa tena. Nje jua lilipanda, watu wakaja na kurudishwa. Aliwaza wembe. Aliwaza mama akimwamuru Mathias, na jinsi Mathias alivyokuwa mtu wa kuogopa wanawake wa ukoo. Alitaka kunyanyuka akimbie nyumbani, akabaki.

Mshale ukaruka upande. Barua zikaanza kudondoka moja moja: ya mnunuzi wa nta, za wajomba wa watu, salamu, salamu, na Mzee Bashiru akasikika mlangoni, "Alhamdulillahi!" Ya kwanza kabisa kati ya zote ilikuwa ule mzigo. Haukuwa na maandishi hata herufi moja, ulikuwa faili la sauti tupu. Bartholomeo akaunganisha spika, akalifungua, na waliposikia sekunde chache tu Theodosia akafunika uso kwa kanga, akalia kwa kwikwi bila kumwonea mtu haya. Bartholomeo, macho yake nayo mekundu, akaisogeza redio mbele ya spika, akaingiza kaseti mpya, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Theodosia alifika nyumbani ameibeba redio kichwani. Sala zilikuwa zimekwisha. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, nywele zimeloweshwa maji, na Mathias, wembe mkononi, alikuwa bado anahangaika kuutoa karatasi kama mtu asiye na vidole. Alipomwona Theodosia akashusha pumzi.

"Umekuja na nini?" mama akauliza. "Muziki?"

"Sikiliza tu, Mama."

"Nimeshasikiliza vya kutosha vya kwako."

Theodosia akabonyeza. Kaseti ikakwaruza. Mlango ulifungwa kwa kishindo mahali fulani mbali mno, mtu akasema jambo kwa lugha isiyojulikana, halafu kukawa kimya kirefu, mpaka shangazi mmoja akaanza kunung'unika. Ndani ya kimya hicho mtu akavuta kamasi, kwa nguvu, kama mtoto anayejiandaa kukiri kosa.

Mama akainua mkono. Uani pakanyamaza.

"Mama," sauti ikasema, nzito, ya kukwaruza. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba," mama akajibu.

Alijibu papo hapo, kama anavyojibu mzazi aliyeamkiwa na mwanawe mlangoni, na ni baada ya neno kumtoka ndipo alipolisikia. Sauti iliendelea, ikisema ni mzima, ikilalamikia baridi, ikimtukana nahodha kwa majina ambayo baba mdogo Mathias alijifanya hayasikii, ikivuta kamasi, ikiomba radhi kwa kukaa sana. Mama alikuwa amekwisha kuinyooshea mikono, akaipapasa redio kote kote, akaishika mashavu.

Kaseti ikakatika. Mathias akaurudisha wembe kwenye karatasi yake, akautia mfukoni.

"Chakula kipo," mama akasema mwishowe, akijifuta uso kwa pindo la kaniki. "Mmetoka mbali, kuleni. Ila asinililie mtu hapa." Kisha akageuza uso kuelekea upande alikosikia pumzi za bintiye. "Theo. Zile barua nilizozikataa, ulizitupa?"

"Sikutupa hata moja, Mama."

"Zilete. Uanze na ya kwanza." Akamshika mkono, akaubana. "Na safari hii usimnyooshee mwanangu. Msome hivyo hivyo alivyopinda."

Theodosia akazileta, akaketi mkekani miguuni pa Mama Rupert, akasoma na matusi yote.