Ile ya Kuzunguka

Katika nyumba ya Makori, nyapara wa chai, mchezo wa basketi wa televisheni ulichezwa na watu wawili wasioruhusiwa hata kusalimiana kwa mkono. Mmoja alikuwa Makori mwenyewe. Wa pili alikuwa Bochaberi, mke wa mtoto wake Bosire.

Watu wa Kisii waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho walikuja na mizigo yao, na ndani ya mizigo hiyo ilikuwamo chinsoni, ile heshima ya mtu na mkwe wake. Baba mkwe haketi karibu na mke wa mwanawe, hamtazami usoni, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu mwingine. Basi Makori aliketi kwenye kiti chake mbele ya televisheni, naye Bochaberi akaketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, nyuma ya pazia lililovutwa nusu, aone kioo cha televisheni tu. Waya wa pedi yake ya kuchezea ulipita chini ya kiti cha mama mkwe, Yunia, aliyekaa katikati akichambua mboga za managu na kubeba maneno.

"Mama Bosire, mwambie mtoto apeleke mpira kona."

"Bochaberi, Baba anasema peleka kona."

Neno likifika, mpira umeshanyang'anywa zamani.

Siku moja Chemutai, jirani yao Mkipsigis, alikuja kuomba chumvi akawakuta hivyo. Alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Bosire, hata kwetu heshima iko. Lakini hii yenu inataka posta!"

Mashine yenyewe ya mchezo ililetwa na Zack, kitinda mimba wa nyumba hiyo, aliyepewa na mjomba wake Nairobi. Aliwafundisha wazazi na shemeji yake kwa kujifurahisha tu, kisha akaenda Nakuru kutafuta kazi. Bochaberi aliishia darasa la nane, na Kiingereza cha kwenye kioo hakukifuata chote. Lakini ukibonyeza kitufe cha juu, mbinu zilijitokeza, kila moja na mchoro wake wa mishale, na mishale hiyo aliitazama kwa subira mpaka ikamwingia. Yunia, kwa kuwa ndiye mbeba maneno, alizipa majina. Kulikuwa na ile ya mtu mmoja, ambapo wenzake wote wanampisha ashambulie peke yake. Kulikuwa na ile ya mlingoti, ambapo mmoja anasimama kama nguzo na mwenzake anapita akimgusa bega, adui abaki amegonga nguzo. Na ile ya kuzunguka, ambapo hakuna anayesimama: ukitoa mpira unakimbilia kikapuni, na mwenzako anajaza pale ulipotoka. Hiyo ya mwisho hawakuichagua sana. Ilionekana fujo.

Kabla ya mashine, Bochaberi alikuwa amekaa katika boma hilo karibu mwaka mzima bila kujua kama mzee anamkubali au anamvumilia tu. Mumewe Bosire alifanya kazi kwenye reli huko Fort Ternan, akirudi mwisho wa mwezi. Mzee kwake alikuwa kikohozi na gambuti, vile viatu vyake virefu vya mpira. Kikohozi kikisikika mlango wa mbele, yeye alitoka wa nyuma. Gambuti zikienda upande wa zizi, yeye alishika njia ya mtoni. Halafu jioni moja, baada ya mchezo, alimsikia mzee akisema, "Mama Bosire, mwambie mtoto ana mkono mzuri." Maneno hayo Bochaberi aliyabeba mpaka mtoni akayarudisha nyumbani pamoja na maji, na hata ndoo haikuwa nzito.

Ndiyo maana Zack aliporudi na kusema anaichukua mashine, moyo wa Bochaberi ulishuka.

"Kuna rafiki yangu anafungua chumba cha gemu pale Kericho mjini," Zack alieleza akiwa amenyoosha miguu. "Hapa inakaa bure. Nyinyi mnacheza kama watu wa maombi ya usiku."

"Bure?" Makori aliuliza. "Sisi wawili tutakupiga."

"Mzee! Wewe na shemeji? Na Mama akiwa simu?" Zack alicheka. "Haya. Mkinipiga, inabaki. Nikiwapiga, Jumatatu asubuhi imeenda, na hakuna kulia."

Wakakubaliana Jumapili, kwa maana Jumamosi ni Sabato.

Jumapili ilinyesha tangu adhuhuri. Zack alichukua timu nyekundu. Makori na Bochaberi wakachukua nyeupe, kila mmoja akiendesha mchezaji wake, na wale wengine wakiendeshwa na mashine. Makori alikuwa na pedi mpya, Bochaberi na ile kuukuu ambayo kitufe chake kimoja kilikwama kikibonyezwa ovyo.

Mzee alichagua ile ya mlingoti. Mchezaji wake akasimama kama nguzo, akingoja wa Bochaberi apite akimgusa bega. Bochaberi akakimbia vizuri, akakaribia, na palepale kidole kikaganda. Mchezaji wake alisimama hatua moja kabla ya kufika. Zack akapokonya mpira akaenda kufunga.

Wakarudia. Mara hii nguzo yenyewe ndiyo iliyosogea kando, kama mzee anayempisha mke wa mwanawe mlangoni. Mpira ukapotea tena.

Zack alijitupa nyuma kwenye kochi. "Ngai! Hata ndani ya televisheni mnaogopana! Hawa ni wachezaji, si wakwe!"

Yunia alijaribu kutocheka akashindwa, managu yakamwagika. Hata mzee alikohoa kikohozi kilichokuwa na kicheko ndani. Lakini walipofika mapumziko Zack alikuwa mbele sana, na Bochaberi nyuma ya pazia uso ulimwaka. Aliiona mashine ikifungwa kwenye katoni. Aliuona mwaka mwingine wa kikohozi na gambuti.

Alitazama mchoro wa mlingoti, kisha wa kuzunguka. Mishale ya huu wa pili haikugusana mahali popote. Mmoja akiondoka, mwingine anaingia alipotoka. Akashangaa kwamba hajawahi kuiona hivyo, maana ndivyo yeye na mzee walivyoishi. Mwaka mzima amejua mzee yuko wapi bila kumtazama. Na mzee naye, ili asikutane naye, lazima alikuwa amejua hivyo hivyo.

Hakuwa amewahi kuanzisha neno. Yeye alipokea tu.

"Mama, mwambie Baba tuchukue ile ya kuzunguka. Na usitubebee maneno tena. Tutaonana hukohuko."

Yunia aligeuka akamtazama mumewe. Kwenye kioo, orodha ilishuka, ikasimama kwenye ile ya kuzunguka.

Sasa ilisikika mvua tu juu ya mabati. Mzee akitoa mpira na kukimbilia kikapuni, Bochaberi alikuwa ameshajaza nafasi yake. Bochaberi akikata kushoto, mpira ulimkuta njiani, ukiwa umetumwa kabla hajafika. Zack alifuata mmoja akamkosa mwingine, na pengo la pointi likapungua.

"Nani anawaambia?" alilalamika. "Mama, unawafanyia ishara?"

"Mimi nachambua mboga," Yunia alisema.

Ikafika sekunde za mwisho, Zack akiongoza kwa pointi moja. Mzee alikuwa na mpira, na wekundu wawili wakamzingira. Zamani angejaribu kupenya peke yake. Badala yake alimrushia mwenzao wa pembeni aliyeendeshwa na mashine, akakimbia kona, na wekundu wote wawili wakamfuata. Pale alipotoka pakabaki wazi kama mlango. Bochaberi akaingia. Mpira ukarudi, akaupokea, akaomba kitufe kisikwame, akabonyeza.

Mpira ulizunguka kwenye chuma, ukakaa, ukaingia. Kengele ikalia.

Zack akacheka kweli. "Shemeji, wewe ni hatari. Sawa. Mashine imebaki. Nitamwambia rafiki yangu atafute yake."

Bochaberi aliingia jikoni kuweka maji ya chai. Aliposikia gambuti zikitoka nje kuangalia ng'ombe, alirudi kukusanya nyaya. Pedi kuukuu haikuwa kwenye kigoda chake. Ilikuwa mbele, kwenye kiti cha mzee. Kwenye kigoda, waya umezungushwa vizuri, ilikuwapo pedi mpya.

Aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea chakula.

"Mama," alisema baadaye, "mwambie Baba asante. Si ya pedi tu."

Nje, karibu na dirisha, kikohozi kilisikika.

"Amesikia," Yunia alisema, akaendelea na mboga zake.